Msaidizi wa akili bandia kwenye simu: mambo 5 ya kuangalia kabla ya kumwamini

Huenda tayari unatumia akili bandia, ile ambayo wengi tunaiita AI. Unamwomba msaidizi wa kwenye simu akuandikie barua ya kuomba kazi, akutafsirie karatasi ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza, au amweleweshe mtoto hesabu za shule. Programu hizi zilienea baada ya ChatGPT kutolewa Novemba 2022, na sasa hata WhatsApp ina ya kwake.

Kwa mkimbizi anayeishi Jinja au Mbale, jambo hili lina uzito wa pekee. Mjini huko uko mbali na makazi ya wakimbizi, ambako mashirika yana ofisi za kuuliza. Mara nyingi simu ndiyo inayoulizwa kwanza. Jibu baya linaweza kukupotezea pesa, muda, hata haki yako.

Kwa ufupi: Msaidizi mzuri si yule anayejibu kila kitu. Ni yule anayejua uko nchi gani, anaelewa unavyosema, anakubali asichokijua, anatunza siri zako, na hakumalizii pesa.

1. Ajue kwamba uko Uganda

Programu hizi hujifunza kutokana na maandishi, na maandishi mengi ya Kiswahili yametoka Tanzania na Kenya. Ukiuliza kwa Kiswahili bila kutaja nchi, unaweza kujibiwa kana kwamba uko Nairobi au Dar es Salaam. Angalia hasa mambo haya:

- Pesa. Nchi zote tatu zinatumia shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi 25 za Uganda. Ukipanga mtaji wa kuuza samaki Jinja kwa hesabu ya Kenya, umepotea kabla ya kuanza.
- Kutembea na kufanya kazi. Tanzania, mkimbizi anahitaji kibali kutoka kambini. Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea nchini na kufanya kazi. Msaidizi akikuambia kuishi mjini ni kosa, amechanganya nchi. Lakini kumbuka: ardhi na msaada wa chakula hutolewa kwenye makazi. Anayechagua mji anategemewa kujitegemea.
- Shule. Hapa shule ya msingi ni P.1 hadi P.7, na mwisho wake ni mtihani wa PLE unaosimamiwa na UNEB. Vyeti vya sekondari kutoka nje vinalinganishwa na UNEB, na vya chuo kikuu vinalinganishwa na NCHE.

*Fanya hivi:* anza kila swali kwa kutaja mahali. Kwa mfano: "Ninaishi Mbale, Uganda. Nataka kumwandikisha mtoto P.4."

2. Aelewe unavyosema

Kiswahili cha Bukavu si cha Unguja. Ukituma ujumbe wa sauti, msaidizi anaweza kusikia neno lingine kabisa, kisha akajibu swali ambalo hukuuliza. Mwambie kwanza aandike alichosikia. Soma, sahihisha, ndipo usubiri jibu.

Lugha nyingine zinaongezeka. Google Translate iliongeza Kiganda, Kilingala, Kitigrinya na Kioromo mwaka 2022, kisha Kirundi, Kiacholi, Kidinka na Kinuer mwaka 2024. Lakini lugha kuwa kwenye orodha si sawa na kutafsiriwa vizuri. Wenyeji wanaosema Lusoga na Lumasaba wana haja ileile ya kuwa waangalifu.

*Fanya hivi:* ukitafsiriwa jambo muhimu, omba lirudishwe kwenye lugha yako. Maana ikibadilika, usiitumie tafsiri hiyo. Kipimo cha dawa usikichukue kwenye simu peke yake. Rudi kwa muuguzi au muuza dawa, umwombe akuonyeshe kwa vidole ni vidonge vingapi na mara ngapi kwa siku.

3. Akubali asichokijua

Hili ndilo gumu zaidi, kwa sababu msaidizi anaweza kukosea kwa sauti ileile ya uhakika anayotumia akiwa sahihi.

Mfano ni mvua. Tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na watu wakafa. Msaidizi anaweza kukusimulia habari hiyo vizuri. Hawezi kukuambia kama mto utavuka kingo usiku huu. Mvua ikinyesha mlimani, sikiliza redio, msikilize mwenyekiti wa LC1, na uondoke bondeni mapema.

Mfano mwingine ni kesi ya hifadhi. Ombi lako likikataliwa, sheria ya Uganda inakupa siku 30 za kukata rufaa tangu upewe taarifa. Msaidizi akitoa idadi ya siku za nchi nyingine, unaweza kuchelewa na kupoteza nafasi hiyo.

*Fanya hivi:* mpime kwa swali ambalo jibu lake unalijua. Muulize jina la mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wako. Mzuri atasema hajui. Akikupa jina la kubuni, umeshamfahamu.

4. Atunze siri zako

Unachoandika kinaweza kuhifadhiwa na kampuni iliyo nje ya Uganda. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, lakini ulinzi wa kwanza ni wewe mwenyewe. Usiandike wala kupiga picha:

- namba ya kesi yako au kadi ya ukimbizi
- karatasi ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM
- namba ya siri ya pesa za simu
- majina ya waliokufanya ukimbie, au mahali jamaa zako walipojificha
- habari za ugonjwa wako pamoja na jina lako

Kama mnatumia simu moja nyumbani au umeazima ya jirani, mazungumzo yanabaki humo. Yafute kabla ya kuirudisha. Hili ni muhimu zaidi kwa mwanamke anayetafuta msaada kuhusu ukatili wa nyumbani.

5. Asikumalizie pesa

Maandishi yanakula data kidogo, picha na sauti zinakula zaidi. Tena mtandao unaweza kukatika wote, kama ilivyokuwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Namba muhimu ziandike kwenye karatasi.

Umwachie kazi gani?

*Anafaa kwa:* kuandika rasimu ya barua, kukueleza maneno magumu ya fomu, kukufundisha Kiingereza, kupanga hesabu za biashara ndogo, kukuandalia maswali ya kwenda nayo ofisini.

*Usimwachie:* kuamua dawa, kukueleza kesi yako itaishaje, kusimulia kisa chako cha hifadhi kwa maneno yake. Kisa hicho ni chako. Maelezo aliyoyaongeza yeye yanaweza kupingana na uliyosema mwanzo, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Ukihitaji binadamu

- 0800 323 232: laini ya bure ya wakimbizi, kwa maswali, malalamiko na kuelekezwa kwenye huduma.
- 116: Sauti, laini ya bure ya watoto walio hatarini.
- Hospitali za rufaa za Jinja na Mbale: ni za serikali, na wakimbizi wanahudumiwa kama wenyeji.
- Mwenyekiti wa LC1: kwa barua ya utambulisho na ugomvi wa mtaani.
- Refugee Law Project, Kampala: msaada wa kisheria kwa wakimbizi.

Tahadhari: Huduma za OPM, UNHCR na washirika wao ni bure. Hakuna programu inayoweza kuharakisha kesi yako au kukupatia nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtu akikuuzia "AI ya kwenda Marekani" au Canada, usimpe pesa wala karatasi zako. Piga 0800 323 232 utoe taarifa.