Meyer, kumbe maana yake ni Mnyapara!

Wengi wanamjua Hans Meyer kwa jambo moja tu: Mjerumani aliyefika kileleni Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka mmoja kabla alikuwa huku Usambara, na safari ikaishia kwenye minyororo. Yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri, wakaachiwa kwa fidia.

Sasa cheki hilo jina. Meyer, au Meier, au Mayer, ni jina la kazi. Zamani huko Ujerumani, meier alikuwa mtu wa kabaila: anasimamia ardhi yake, anahesabu mavuno, anasukuma wakulima wafanye kazi. Mtu wa Kerenge au Ngombezi ambaye babu yake alikata mkonge hahitaji kamusi hapo. Huyo ni mnyapara tu!

Na utamu wenyewe uko hapa. Meier limetoka kwenye Kilatini, maior, yaani "mkubwa zaidi". Neno hilohilo ndilo limetuletea meya wa jiji na meja wa jeshi. Mnyapara naye? Kabla ya mashamba ya mkonge alikuwepo kwenye misafara ya Wanyamwezi, mkubwa wa kundi la wapagazi. Ukubwa ukageuka usimamizi, kule na huku.

(Si kila Meyer ni mnyapara lakini. Kwa Wayahudi wengi jina linatoka kwenye Kiebrania, Meir, mwenye kuangaza.)

Wenzake wapo kibao. Müller msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani, na Schumacher yule wa magari ya mbio ni fundi viatu. Yaani kazi ilikufa, jina likabaki. Hata huyu Hans wetu, ukoo wake kule Leipzig ulikuwa wa wachapishaji wa vitabu, hakuna cha unyapara.

Kwetu jina la tatu kwa kawaida ni la babu, kwa hiyo kila kizazi linabadilika. Ila fomu za siku hizi zinataka "jina la ukoo", na likishaingia kwenye kitambulisho ndiyo basi. Babu aliitwa Fundi? Vitukuu watakuwa kina Fundi hata wakifanya kazi benki. Zanzibar wameshakuwa na Waziri Kiongozi anayeitwa Nahodha, na chombo alichoendesha kilikuwa serikali.