Viungo vya mishkaki: Saga mwenyewe nyumbani, ujue unachokula

Duka la mangi, genge la kona, soko la Tandika au Tandale, kote viungo vya unga vimejaa kwenye vipakiti. Ni rahisi kununua. Shida ni kwamba kitu kikishasagwa, mnunuzi hawezi tena kuona ndani kuna nini.

Hilo si jambo la Bongo peke yake. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula baada ya unga wa pilipili kukutwa na Sudan I, rangi ya viwandani ambayo hairuhusiwi kwenye chakula. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Marekani: watoto walikutwa na madini ya risasi mwilini baada ya kula tufaha la kusaga lililotiwa mdalasini wa unga wenye sumu hiyo. Hapa nchini ukaguzi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019, lakini unga unaopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kinailoni hauna nembo wala tarehe.

Dawa yake ni kununua viungo vizima na kusaga nyumbani. Iliki na pilipili manga hulimwa Muheza, karafuu inatoka Pemba, kwa hiyo si vitu vya kuagiza mbali.

Ukiwa sokoni, kagua. Bonyeza karafuu kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta kidogo, ile iliyokwisha kamuliwa ni kavu kama kijiti. Pilipili manga huchanganywa na mbegu za papai, ambazo zina umbo la yai na huelea kwenye maji. Chochote chenye ukungu au harufu ya uvundo kiache hapo hapo, hata kama ni bei chee. Sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, huweza kuwepo pia kwenye pilipili na viungo visivyokaushwa vizuri, na kukaanga hakuiondoi. Wengi hudhani moto unamaliza kila kitu. Haumalizi.

Angalizo dogo: ukisema tu "nipe binzari", unaweza kupewa manjano. Sema binzari nyembamba, ambayo wengine huiita binzari ya pilau au uzile.

Kwa kilo mbili hivi za nyama, chukua vijiko 2 vya chai vya binzari nyembamba, 2 vya giligilani, 1 cha pilipili manga, karafuu 4, iliki 5 na kipande cha mdalasini urefu wa kidole. Kaanga kwenye kikaango kikavu bila mafuta, moto mdogo. Anza na mdalasini na karafuu, binzari nyembamba iwe ya mwisho kwa sababu inaungua haraka, na ikiungua mchanganyiko wote unakuwa mchungu. Dakika 2 au 3 zinatosha, harufu ikipanda epua.

Acha vipoe kabisa. Ukisaga vikiwa moto mvuke unafanya unga ushikane. Kinu kinafaa, blenda yenye kikombe kikavu ni haraka zaidi. Mashine ya mtaani nayo ipo, ila huwa na mabaki ya kilichosagwa kabla, na kama ni karanga basi mwenye mzio anaweza kuumwa vibaya. Mwisho ongeza kijiko 1 cha tangawizi ya unga na nusu kijiko cha manjano.

Chumvi usiweke kwenye kopo. Joto la Dar lina unyevu, chumvi inavuta maji na unga unakuwa mabonge ndani ya wiki. Ipake kwenye nyama siku ya kuchoma. Sukari nayo iache kabisa kama unatumia mkaa, inaungua nje huku ndani nyama bado mbichi.

Papai bichi la kulainishia lipondwe pembeni na lisikae na nyama usiku kucha. Kimeng'enya chake hakijui kusimama, asubuhi mshikaki unakuwa kama uji. Nusu saa hadi saa moja inatosha.

Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko. Viungo vizima hukaa zaidi ya mwaka, vya kusagwa hupoteza harufu baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Unapopaka nyama, mimina kiasi kwenye bakuli na usirudishe mkono wenye damu kwenye chupa. Unga uliobaki kwenye bakuli baada ya kugusa nyama mbichi unatupwa.