Silaha za kulinda anga: juu ya nini kuitambua ndege ni kazi kuliko kuipiga

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2026, droni zilishambulia uwanja wa ndege wa Bangboka, Kisangani. Siku chache baadaye AFC/M23 ilitangaza kwamba ni yenyewe ilifanya kazi hiyo. Tangu siku zile, hata huku Bafwasende, zaidi ya kilometa 200 kutoka Kisangani kwa barabara ya kitaifa namba 4, ndege ikipita watu wanasimama na kutazama juu. Ulizo ni moja: jeshi letu liko na nini ya kupiga kitu kinachoruka? Na kama kiko, kinaweza kutulinda sisi wa porini?

Makala hii inaeleza silaha hizo ni za namna gani na zinafanya kazi vipi. Haitasema ziko wapi wala ni ngapi leo. Hiyo ni siri ya jeshi, na mkaaji haimsaidii kitu.

Namna mbili kubwa

Silaha ya kulinda anga ni silaha inayokaa chini, mikononi mwa askari au juu ya gari, na kazi yake ni kupiga ndege, elikopta, droni au kombora.

Namna ya kwanza ni bunduki kubwa na mizinga inayotupa masasi mengi kwa haraka. Vitabu vya kimataifa vinavyofuata silaha za majeshi vinaitajia FARDC aina mbili za zamani zilizobuniwa Urusi ya Kisovieti. Moja ni ZPU-4: bunduki nne za milimeta 14,5 zilizofungwa pamoja. Masasi yake yanafaa mpaka mita 1 400 hivi kwenda juu. Ya pili ni mzinga wa milimeta 37 unaoitwa M-1939, na hiyo namba ni mwaka wake wa kuzaliwa. Wenyewe unafika karibu mita 3 000. Katika vita vingi vya Afrika kuna pia ZU-23-2, yenye midomo miwili ya milimeta 23. Mara nyingi wanaifunga nyuma ya pikapu.

Namna ya pili ni kombora. Dogo linabebwa begani na askari mmoja, kama Strela-2, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SA-7. Uzito wake ni kama kilo 15. Kichwa chake kinafuata moto unaotoka kwenye mashini ya ndege. Makombora makubwa yanabebwa na malori, yanaongozwa na rada, na yanaweza kufika kule juu ndege za abiria zinakopita, kwenye mita 10 000 hivi.

Hapo tunaelewa jambo moja. Kwa silaha ndogo, ndege iko hatarini zaidi inapopaa na inapotua, maana wakati huo iko chini na inaenda polepole. Njo maana viwanja vya ndege ni mahali pa kwanza pa kulindwa, na ni mahali pa kwanza pa kushambuliwa.

Macho kwanza, silaha baadaye

Bunduki peke yake haitoshi. Ulinzi wa anga unahitaji vitu vinne: rada ya kuona mbali, mawasiliano na wale wanaoongoza ndege, mutu mwenye mamlaka ya kutoa amri, na mwisho silaha yenyewe. Ndege ya kiraia inatuma ishara inayosema jina na urefu wake. Ndege za jeshi ziko na alama zao za siri za kujulishana. Katika inchi yetu, anga ya kiraia inaongozwa na Régie des Voies Aériennes, RVA. Kama askari wa mzinga na mutu wa RVA hawasemezani, askari anabaki na macho yake tu.

Na macho yanadanganya. Kombora la begani halisomi jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege. Halijui kama ndani kuna askari au mama na mtoto. Linafuata moto.

Kindu, 1998

Majirani zetu wa Maniema hawajasahau. Tarehe 10 mwezi wa kumi 1998, Boeing 727 ya kampuni ya Congo iliangushwa kwa kombora karibu na Kindu, wakati waasi wa RCD wakiukaribia muji. Watu 41 walikufa. RCD ilikubali kwamba iliipiga, ikasema ilikuwa imebeba askari. Serikali ikasema walikuwa raia wanaokimbia vita. Aliyefyatua, alipokuwa chini, hakuwa na njia ya kuona ndani.

Si Kindu peke yake. Tarehe 6 mwezi wa nne 1994, makombora yaliangusha ndege iliyombeba Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi karibu na Kigali. Mauaji ya kimbari yaliyoanza baada ya hapo, na wakimbizi wengi sana waliovuka mpaka, mpaka hapa Tshopo walifika. Mwaka 2002, mjini Mombasa, Kenya, magaidi walifyatulia makombora mawili ya begani ndege ya Israeli iliyokuwa imebeba watu zaidi ya 250. Bahati yalikosa.

Tena, wakati mwingine anayekosea ni jeshi lenyewe, bila nia mbaya. Tarehe 4 mwezi wa tano 2020, huko Berdale, Somalia, askari wa Ethiopia waliangusha ndege ndogo ya kampuni ya Kenya iliyokuwa imebeba vifaa vya kupambana na Covid. Watu 6 walikufa. Askari wale walidhani ndege inakuja kujilipua. Hata silaha kubwa yenye rada haiponyi kosa hilo: mwaka 2014, juu ya Ukraine, kombora la aina ya Buk liliangusha ndege ya Malaysia na kuua watu 298.

Mashariki mwetu

Tangu M23 irudi vitani, anga ya Kivu ya Kaskazini imekuwa uwanja wa vita. Tarehe 29 mwezi wa tatu 2022, elikopta ya MONUSCO ilianguka Rutshuru, watu 8 wakafa. Jeshi lilishitaki M23, M23 ikakana. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023, Sukhoi-25 ya FARDC ilipigwa juu ya Goma ikatua ikiwaka moto. Rwanda ilisema iliingia kwenye anga yake, Kinshasa ikasema hapana. Tarehe 17 mwezi wa pili 2024, droni zilipiga uwanja wa ndege wa Goma na kuharibu ndege za kiraia.

Mwishoni mwa 2022, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliondoa sharti la kutangaza kwanza kila silaha inayouzwa kwa serikali yetu. Kwa hiyo mlango wa kununua uko wazi. Lakini kifaa kipya bila rada, bila mafunzo na bila mawasiliano na RVA kinaweza kurudisha Kindu.

Droni imebadilisha hesabu

Droni ndogo ya kujilipua inaruka chini, karibu na miti. Rada inaikosa kwa urahisi. Mashini yake ni ndogo, haina moto mwingi wa kufuatwa na kombora. Kwa hiyo majeshi yanatumia bunduki za masasi mengi, au yanavuruga mawimbi yanayoiongoza. Kuilinda inchi nzima kama Congo namna hiyo hakuwezekani. Wanaolindwa kwanza ni viwanja, madaraja makubwa na kambi. Tusidanganyane: kijiji kilicho katikati ya pori la Bafwasende hakiko na mwavuli juu yake.

Mkaaji afanye nini

Ukisikia mizinga ikipiga angani, usitoke kutazama wala kupiga picha. Kinachopanda kinarudi. Risasi nyingi za milimeta 23 na 37 zinajilipua zenyewe angani, lakini za milimeta 14,5 hazijilipui, zinaanguka kilometa kadhaa kutoka pale. Ingia nyumba yenye ukuta imara, mbali na madirisha. Kama uko nje, lala chini, kwenye mfereji kama uko karibu.

Ukikuta kipande cha droni au kombora shambani, usikiguse, hata kama kinaonekana kimekufa. Baruti inaweza kubaki nzima ndani. Wazuie watoto na wachuuzi wa vyuma, weka alama ya matawi kwa mbali, kisha umwambie shefu wa kijiji au kituo cha jeshi kilicho karibu.

Na usitume kwa WhatsApp picha ya mahali mzinga umewekwa. Picha hiyo inamfikia pia yule anayetafuta pa kupiga, na mara nyingi nyumba zinazopakana na mzinga ni za raia.