Ng'ombe wa Bara Wafikapo Pwani

Mtu akiniuliza ni wapi nchi yetu ilijifunza mwili wa ng'ombe, sianzi na Mpwapwa, ingawa ndiko nilikosomea mifugo na ndiko kilikotoka cheti changu. Naanza na Dar es Salaam. Mji huu haufugi ng'ombe wa kutajika, unawala. Wanashushwa hapa kutoka Shinyanga, Singida, Dodoma, Manyara na Kagera. Ng'ombe wa Mgogo anasimama ubavuni mwa ng'ombe wa Mkurya, na pembeni yao yupo yule wa Mhaya mwenye mapembe yanayoziba njia. Anayetaka kuona miili ya mifugo ya nchi nzima bila kuizunguka nchi nzima, aje kwenye mji wa walaji. Hilo lilikuwa kweli zama za Wajerumani, na ni kweli hadi leo pale mnada wa Pugu.

Nimezaliwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, binti wa mwenye bucha. Baba hakuwahi kuwa na mizani ya kupimia ng'ombe mzima, alikuwa na viganja. Mnadani alimzunguka dume taratibu, akabana shina la mkia kwa vidole, akapapasa mbavu za mwisho na mahali nyonga inapojitokeza, kisha akaweka kiganja juu ya nundu na kuisukuma kidogo kuona kama imejaa au inalala. Ndipo alipotaja kilo. Hakutaja kilo za ng'ombe aliyesimama, alitaja kilo za nyama itakayoning'inia kwenye ndoano kesho yake, kwa maana alijua kwamba kwa ng'ombe wetu wa asili nyama na mifupa yake ni karibu nusu tu ya uzito. Nusu nyingine ni ngozi, kichwa, kwato, damu na yote yaliyomo tumboni. Hesabu hiyo hakuisoma popote. Aliirithi kwa baba yake, na kila usiku machinjioni aliisahihisha.

Meno nayo yalikuwa na hesabu yake. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Chini anayo manane, na ya utoto hubadilika mawili mawili. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwa huota akiwa na kama miaka miwili, pengine akichelewa zaidi kwa ng'ombe wetu wa zebu, na akifika miaka minne au mitano kinywa kimejaa. Ukifika mwezi wa Mfunguo Tatu, sokoni midomo ya wanyama haikupumzika. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, ng'ombe au mbuzi wa kuchinja Idi ya Hija sharti awe ametimiza miaka miwili. Mfugaji wa Kondoa hakuandika tarehe ya kuzaliwa kwa mbuzi wake, kwa hiyo cheti kilikuwa mdomoni. Wazee wa mtaani walimfungua mbuzi mdomo kwa dole gumba, wakatazama, wakamwachia, na bei ikaanza kuzungumzwa. Uchunguzi huohuo wa meno tulifundishwa chuoni kama somo la anatomia, na wengi darasani walidhani umeanzia vitabuni.

Lakini kisa ninachotaka kukieleza hasa ni cha mwaka 1897. Mwezi Julai mwaka huo Robert Koch alishuka bandarini Dar es Salaam akitokea India, alikokuwa akichunguza tauni. Alikuwa tayari ni mtu mashuhuri duniani. Ndiye aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Alikaa hapa hadi Mei 1898. Watu humkumbuka kwa malaria, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ng'ombe.

Mji ulihitaji nyama, na nyama ilitoka bara. Sotoka ilikuwa imepita miaka michache tu nyuma, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kuwaangamiza ng'ombe wa Wamasai na majirani zao. Waliosalia waliletwa pwani, na wakifika pwani walikufa. Ng'ombe wa pwani wenyewe, wadogo na wakondefu, walisimama malishoni bila tabu. Koch aliwatoa damu ng'ombe hao wa bara na kuiweka chini ya hadubini. Akaona vimelea vya namna mbili ndani ya chembe nyekundu. Vya kwanza vilikuwa vikubwa, vyenye umbo la tone, vikikaa viwili viwili. Hivyo alivijua, ni vya homa ya mkojo mwekundu iliyokuwa imeshachunguzwa Marekani. Vya pili vilikuwa vidogo sana, kama vijiti na vipete. Kile kikubwa hufika mikroni 4 au 5, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kile kidogo hakizidi sana mikroni 2. Koch akaamua kwamba kidogo ni mtoto wa kikubwa.

Hapo ndipo ninapokaa sana kila nikiwaza kazi yetu ya kupima mifugo. Kipimo kilikuwa sahihi. Alichokiona kidogo kilikuwa kidogo kweli. Ila alisoma tofauti ya ukubwa kama tofauti ya umri, na maradhi mawili yakaandikwa kuwa moja.

Gharama yake ilionekana mbali na hapa. Baada ya sotoka kumaliza ng'ombe wa kusini mwa Afrika mwaka 1896, walowezi wa Rhodesia walitafuta ng'ombe wa kujazia mazizi, wengine wakapitia bandari ya Beira. Huko, ng'ombe walioletwa kutoka Australia walilishwa kwenye ardhi ambayo ng'ombe wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita na kupe wao. Mwaka 1901 na 1902 vifo vikalipuka Umtali na Salisbury. Serikali ya Rhodesia ikamwita Koch, naye mwaka 1903 akapiga kambi Bulawayo. Alipotazama damu za huko alikutana tena na vile vidogo alivyoviona Dar es Salaam, safari hii bila vile vikubwa, na wanyama wanakufa vilevile. Akakiri kwamba haya ni maradhi mengine, akayaita homa ya pwani ya Afrika. Mwaka 1904 Arnold Theiler, daktari wa mifugo Mswisi aliyefanya kazi Pretoria, akakitenga kimelea hicho na kukipa jina linalotokana na udogo wake. Mwaka huohuo Charles Lounsbury wa Koloni ya Cape akaonyesha kwamba anayekibeba ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye masikio.

Sisi tunayaita maradhi hayo ndigana kali. Na mfugaji hahitaji hadubini kuanza kuyashuku. Anashika chini ya sikio. Kupe akishauma ndani ya sikio, kimelea hukimbilia tezi iliyo karibu, nayo ndiyo ile iliyo chini ya sikio kwenye kona ya taya. Kisha hufuata ile iliyo mbele ya bega. Tezi ambayo jana ulikuwa unaitafuta kwa ncha ya kidole, leo inajaa kiganjani. Mitoki hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiichoma sindano nyembamba, tukatoa tone moja, tukalipaka kwenye kioo na kulitia rangi. Ndani ya seli za tezi mnaonekana mabaka ya buluu, nayo mpaka leo yanaitwa kwa jina la Koch. Kwa hiyo alikosea kwenye damu, akaacha jina kwenye tezi, na jina hilo amelistahili.

Nikisoma habari hizo nawafikiria waliomshikia Koch wanyama. Ng'ombe wa bara, mwenye pembe na hasira ya safari, hatolewi damu na profesa peke yake. Kuna aliyekamata pembe, aliyeshika pua kwa vidole viwili na kumpinda shingo, aliyebana mkia. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, na najua kwamba mikono hiyo inahisi joto la mnyama, mapigo yake, mitoki yake, kabla sindano haijafika.

Kariakoo yenyewe imetokana na miili ya wanyama iliyoshindwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalileta farasi, nyumbu na maksai wabebe mizigo, na mbung'o wakawamaliza kwa nagana. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, kambi ya wapagazi iliwekwa kwenye uwanja ambao sasa ni soko. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hawakurudi kwao. Anayesema kwamba afya ya nyumbu na maksai ni habari ya wanyama tu, hajui alipokanyaga anapovuka Mtaa wa Msimbazi.

Nikirudi kwenye vipimo, huko Ulaya kupima miili ya wanyama kulianza na farasi. Claude Bourgelat, aliyeanzisha chuo cha Lyon mwaka 1761, alitumia urefu wa kichwa cha farasi kupimia mwili wote. Mwaka 1789 farasi wa mbio aitwaye Eclipse alipokufa Uingereza, Mfaransa Vial de Sainbel alimpasua na kumpima, na miaka miwili baadaye akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha London. Walitafuta siri ya kasi na uzuri. Sisi tulipima kwa shida nyingine: bei na dozi.

Kifaa chetu kilikuwa futi kamba, ileile ya fundi cherehani, ya kununuliwa Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya vitambaa na vifungo. Unamsimamisha ng'ombe pahali tambarare, miguu minne sawasawa, kichwa kisiinuke wala kisiinamie majani. Unapitisha futi nyuma ya miguu ya mbele, karibu na kwapa, ukiizungusha hadi nyuma ya nundu. Usikaze, usilegeze. Unapima, unaachia, unapima tena. Futi ya fundi inaishia sentimita 150, na ng'ombe wetu wengi wa zebu wanaenea humo. Akija Borani aliyeshiba au yule wa mapembe wa Kagera, unashona futi mbili pamoja.

Mzunguko wa kifua unafuatana na uzito kwa ukaribu wa kushangaza, na kwa mnyama wa mnadani una heshima ambayo mizani haina. Ng'ombe aliyekaa kwenye lori siku mbili bila maji anapoteza kilo nyingi kutoka tumboni tu, akinywa, zinarudi. Kifua hakibadiliki hivyo. Na kilo hizo zinahusu uhai. Dawa ya ndigana, buparvakwoni, huchomwa mililita 1 kwa kila kilo 20. Dume wa kilo 250 anahitaji mililita 12 na nusu. Ukimtazama kwa jicho ukasema kilo 180, umempa 9, na ndigana haisamehi dawa pungufu. Nimeona mifugo ikifa kwa macho ya mtu aliyeona aibu kutoa futi mfukoni mbele ya wafugaji.

Kuku walikuja baadaye katika vipimo, na nasikitika, maana watu wa masoko ya Kariakoo na Kisutu waliwajua siku zote. Matenga yalishushwa alfajiri, kuku wa Singida, wa Dodoma, wa Tabora, na mama muuzaji alikuwa anawatenga kabla jua halijatoka. Alimwinua kuku, akampuliza manyoya ya kifuani aone ngozi, akapitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiwa mkali kama kisu, kuku amekonda. Alitazama kucha ya nyuma ya jogoo kujua umri. Mwaka 2001 Peter Msoffe na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine walichapisha uchunguzi wa makundi matano ya kuku wa kienyeji: Kuchi, Singamagazi, Mbeya, Morogoro wa wastani na Ching'wekwe. Waliangalia maumbile yao pamoja na jinsi miili yao inavyojikinga na maradhi. Kuchi, mrefu wa miguu na shingo, na Ching'wekwe, mwenye miguu mifupi, wakapata kuandikwa kwa namba. Mama wa Kisutu angewatofautisha gizani, lakini namba zinasafiri mahali ambapo kidole chake hakifiki.

Mwenzi wa kazi hiyo ni maabara ya Temeke, pale panapoitwa Veterinari na kila kondakta wa daladala. Humo ilitengenezwa chanjo ya kideri ya I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, inayovumilia joto la vijijini. Ni tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawa. Kwa kuku futi haihitajiki ili kumkinga. Kwa ng'ombe inahitajika ili kumtibu.

Vijana wa chuo huja Pugu na vishikwambi vyao kupima, nami huenda nao wakinikaribisha. Wanaanza mara moja na kifua, urefu wa mgongo, kimo cha bega. Nawazuia. Kwanza waulize dereva na mchungaji ng'ombe huyu ametoka kijiji gani, amepitia wapi, amelala malisho gani njiani, na amekuwa safarini siku ngapi. Hiyo ndiyo safu ya kwanza ya jedwali. Ng'ombe wa Koch walikuwa wametoka mahali, na mahali hapo ndipo palipokuwa na jibu. Wakishaandika, nawapa futi.