Sikio Lililosikia Kisomali Kabla ya Mashine

Mwaka 2026 kitabu cha wanafonetiki Lilias Armstrong na Ida Ward kuhusu kiimbo cha Kiingereza, kilichotoka mwaka 1926, kinatimiza miaka 100. Kwa vitone na vistari, walionyesha sauti inapopanda, inaposhuka na silabi ipi inabeba mkazo. Historia ya mashine zinazotambua mambo hayo husimuliwa kana kwamba ni ya Kiingereza peke yake. Si kweli. Mwaka 1934 Armstrong huyohuyo alichapisha uchunguzi wa matamshi ya Kisomali, lugha inayozungumzwa Lafey, katika Kaunti ya Mandera nchini Kenya, na kabla ya kufariki mwaka 1937 alikuwa akichunguza Kikuyu kutoka kinywani mwa Jomo Kenyatta.

Kisomali ndicho kilichozua mzozo. Armstrong alisema ni lugha ya toni, akazihesabu nne. Mwaka 1949 mwanaisimu Mjerumani August Klingenheben alimpinga. Mwaka 1956 B. W. Andrzejewski alilifufua swali, naye hakukubali kukiweka Kisomali kikamilifu upande wa toni wala wa mkazo. Mwanaisimu Larry Hyman naye, mwaka 1981, akaeleza kwamba toni hapa inafanya kazi kama ya mkazo. Haukuwa ubishi wa bure. Sauti ikipanda kwenye silabi ya kwanza ya “inan”, huyo ni mvulana. Ikipanda kwenye ya pili, ni msichana. Maandishi ya Kilatini yaliyopitishwa mwaka 1972 hayaonyeshi tofauti hiyo. Tena Msomali akitaka kulipa neno uzito ana vijineno kama “baa”, ilhali Mwingereza hutegemea zaidi kupandisha sauti.

Mashine zilifuata njia nyingine. Watafiti Colin Wightman na Mari Ostendorf walieleza mwaka 1994 jinsi kompyuta inavyoweza kuweka alama za mkazo na kiimbo yenyewe, na hazina ya sauti za Kiingereza iliyotumika sana baadaye ilitokana na watangazaji saba wa redio mjini Boston. Leo kompyuta hupima Kiingereza cha waombaji wa vyuo. Wanaozitetea mashine hizo watasema mtihani lazima uwe na kipimo kimoja, na kwamba asiyeweka mkazo mahali pake hueleweka kwa shida. Hoja ya pili ina uzito. Lakini kueleweka na kufanana na Boston ni mambo mawili, na mashine iliyofunzwa la pili haiwezi kuaminiwa kupima la kwanza. Sauti za walimu wachache wa Mandera wakizungumza Kiingereza, zikiwekewa alama na mtu anayekijua Kisomali, zingetosha kuanzia. Boston yenyewe ilianza na saba.