Meza Moja: Chakula na Ziara katika Historia ya Kanisa



Katika parokia zetu nyingi za Afrika Mashariki, Dominika ya padre kutembelea kigango ina utaratibu wake unaojulikana. Misa Takatifu huadhimishwa, watoto hubatizwa, wagonjwa hupelekewa Komunyo, na baada ya hayo waamini hawatawanyiki upesi. Tangu alfajiri moshi umekuwa ukifuka nyuma ya kanisa. Akina mama wamepika, kuku amechinjwa, na sasa padre, katekista na wazee wa kanisa wanakaribishwa mezani. Ni desturi njema, nasi hatuna nia ya kuibeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga wetu. Hata hivyo, tukitazama kwa makini tutaona kwamba mara nyingi meza zenyewe ni mbili. Iko meza ya ndani, yenye kitambaa na soda. Na uko uwanja wa nje, ambako watoto wanachungulia dirishani, na ambako mjane aliyetembea saa mbili kuja kusali anaanza safari ya kurudi kwake bila hata kikombe cha uji.

Leo tungependa kuiuliza historia ya Kanisa maswali mawili. Je, meza hizi mbili zimeanza kwetu? Na wale waliotutangulia katika imani walifanya nini walipoziona?

Tuanze na Bwana wetu mwenyewe. Injili zinamwonyesha mara kwa mara akiwa mezani: kwa Lawi mtoza ushuru, kwa Simoni Mfarisayo, kwa Martha na Maria, kwa Zakayo. Alipowatuma wale sabini na wawili, aliwaagiza waingie nyumbani mwa watu, wale watakachopewa, wala wasihamehame kutoka nyumba hii kwenda ile (Lk 10:7-8). Basi ziara na chakula havikuwa nyongeza katika utume wao, bali njia ambayo Habari Njema ilipitia kuingia katika kaya. Hata baada ya Pentekoste, Mtakatifu Luka anatuambia kwamba waamini wa Yerusalemu waliumega mkate nyumba kwa nyumba, wakishiriki chakula kwa furaha na moyo mweupe (Mdo 2:46).

Lakini tusidhani kwamba mambo yalikuwa shwari siku zote. Manung'uniko makubwa ya kwanza tunayoyasoma ndani ya jumuiya ile yalihusu chakula. Wajane wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume hawakulifanya jambo hilo kuwa dogo. Walisali, wakawawekea mikono watu saba wenye sifa njema ili waisimamie huduma hiyo (Mdo 6:1-6), na mapokeo ya Kanisa yameona hapo chanzo cha ushemasi. Tazameni, ndugu zangu: sahani ya mjane ililifanya Kanisa lianzishe huduma mpya.

Miaka ishirini hivi baadaye, yapata mwaka 54 au 55, Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho. Wakati ule Wakristo hawakuwa na majengo ya kanisa. Walikutana katika nyumba ya mwenzao mwenye nafasi. Katika nyumba kubwa za Kirumi chumba cha kulia kwa kawaida kilitosha watu tisa tu, walioegemea vitanda vitatu. Waliobaki walikaa uani. Tena desturi ya wakubwa wa ulimwengu ule ilikuwa kuwapanga wageni kwa madaraja hata katika chakula. Mwandishi Mrumi aitwaye Plini Kijana, ambaye hakuwa Mkristo, alilalamika katika barua yake moja juu ya mwenyeji aliyeandaa divai za aina tatu: moja kwa ajili yake na wakubwa wenzake, ya pili kwa marafiki wa hali ya chini, na ya tatu kwa watu waliowahi kuwa watumwa.

Desturi hiyo ndiyo iliyojipenyeza Korintho. Wenye nafasi walitangulia kula wakashiba, hata wengine wakalewa. Wafanyakazi na watumwa walifika wamechelewa, wakakuta sahani tupu. Paulo hakusema kwamba hilo ni kosa la adabu tu. Alisema kwamba chakula cha namna hiyo si tena Karamu ya Bwana, na kwamba kuwaaibisha wasio na kitu ni kulidharau Kanisa la Mungu (1Kor 11:20-22). Dawa aliyowapa ni nyepesi kuitamka, ngumu kuitenda: mngojeane.

Je, neno hilo lilisikika? Ushahidi mmoja unatoka kwa Plini yuleyule. Yapata mwaka 112, akiwa gavana wa Bithinia, nchi ambayo leo imo ndani ya Uturuki, alimwandikia Kaisari Trayano kuhusu Wakristo aliowahoji. Aliambiwa kwamba walikutana siku maalumu kabla ya mapambazuko wakimwimbia Kristo kama Mungu, kisha wakakutana tena kula chakula cha kawaida kisicho na ubaya. Ili apate hakika, aliwatesa wajakazi wawili ambao jumuiya iliwaita wahudumu. Mtu huyu aliyezijua vema karamu za madaraja alishuhudia bila kukusudia kwamba miongoni mwa Wakristo wajakazi walikuwa na cheo cha huduma.

Yapata mwaka 155 Mtakatifu Yustino Shahidi, akiandika mjini Roma, alieleza jinsi Misa ya Dominika ilivyoadhimishwa. Mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuweza kufika, na wenye uwezo walitoa kwa hiari yao ili kiongozi wa ibada awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Na hapa barani kwetu, katika mji wa Kartago, Tertuliani aliwaeleza wapagani karibu na mwaka 197 kuhusu chakula cha pamoja walichokiita agape, yaani upendo. Walisali kabla ya kukaa, wakala kwa kiasi, wakaimba, na gharama ile ilikuwa faida kwa maskini.

Wakristo hao wa kwanza waliujua pia upande wa pili, yaani mgeni anayegeuka mzigo. Kipo kitabu kidogo cha kale kiitwacho Didake, ambacho nakala yake iligunduliwa mjini Konstantinopoli mwaka 1873. Kinawaagiza waamini kumpokea mtume anayewatembelea kama wanavyompokea Bwana. Lakini mara moja kinaweka mpaka: akae siku moja, au mbili ikilazimu, akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Aondokapo apewe mkate wa kumfikisha alalapo, wala asiombe fedha. Wasikilizaji wetu watacheka kidogo, maana wahenga wa Waswahili nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hekima ni ileile: ukarimu usio na mpaka humla mwenyeji, na anayeumia kwanza ni mwenyeji maskini.

Baada ya mwaka 313, Kanisa lilipopata uhuru, umati uliingia na desturi nyingi za zamani ziliingia nao. Karamu kwenye makaburi ya mashahidi zikawa mahali pa ulevi na majivuno. Katika karne ile ya nne Sinodi ya Laodikea ilikataza kufanya agape ndani ya makanisa. Mtakatifu Ambrosi alikataza karamu za makaburini kule Milano, na Mtakatifu Augustino, angali padre mjini Hippo, alifanya vivyo hivyo mwaka 395.

Hapa tumtazame mama mmoja Mwafrika, Mtakatifu Monika, mama yake Augustino. Alikuwa amezoea kwao kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofika Milano na kikapu chake, mlinzi wa mlango alimzuia, akamwambia kwamba Askofu amekataza. Augustino anasimulia kwamba mama yake alitii bila kunung'unika. Tangu siku hiyo alikuja kwa mashahidi na moyo uliojaa sala, na alichokuwa nacho akawapa maskini. Kikapu cha Monika hakikutupwa, kilibadilishiwa njia. Sheria ilikomesha karamu. Upendo wake ukahakikisha kwamba maskini hakupoteza kitu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka Buganda, nao hawakurudi hadi mwaka 1885. Imani haikuzimika. Walei waliendelea kukusanyika majumbani, wakifundishana na kusali pamoja. Huko Mityana, kilomita 70 hivi kutoka Kampala, waliongozwa na watu kama Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali, aliyekuwa mfinyanzi wa vyungu. Wamisionari waliporudi, waamini wa huko walitembea kwa miguu mpaka misheni kupata mafundisho, kisha wakarudi kuwagawia wenzao. Wote watatu waliuawa kwa ajili ya Kristo mwaka 1886, na Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kwao tunajifunza kwamba ziara si kazi ya padre peke yake. Padre alipokosekana, nyumba ilikuwa kanisa, na jirani alikuwa mjumbe.

Wazee wetu wanakumbuka pia kwamba hadi mwaka 1953 mwenye kutaka kukomunika hakuruhusiwa kuonja kitu tangu saa sita ya usiku, hata maji. Mwaka huo maji yaliruhusiwa. Mwaka 1957 mfungo ulipunguzwa kuwa saa tatu, na mwaka 1964 kuwa saa moja. Fikirini waamini waliotoka vijiji vya mbali, wakamsubiri padre aliyekuja kwa miguu au kwa baiskeli. Baada ya Misa ndefu, chakula hakikuwa anasa. Kilikuwa huruma, na aliyekihitaji zaidi ni yule aliyetembea mbali zaidi.

Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA walikazia ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika nchi zetu, na hivyo mkate wa Neno la Mungu ukarudi kumegwa nyumba kwa nyumba. Lakini pamoja na baraka hiyo, Korintho nayo ilirudi. Nyumba ya kwanza huandaa chai kavu. Ya pili huongeza maandazi. Ya tatu hupika wali na nyama. Zamu ikifika nyumba ya nne, ambako hakuna sukari, mlango hukutwa umefungwa, na jirani huambiwa kwamba mwenyewe amesafiri. Hakusafiri, wapendwa. Ameona haya. Ndivyo meza iliyokusudiwa kumkaribisha ndugu inavyomfukuza katika jumuiya yake mwenyewe.

Jumuiya nyingine zimeweka sheria: maji tu, au bila chochote. Hatuwalaumu, wamefanya kama walivyofanya Mababa wa Laodikea. Ila sheria hiyo ni nusu ya dawa. Ikiwa karamu imekatazwa na maskini bado analala na njaa, tumefuata katazo la Ambrosi na kukisahau kikapu cha Monika.

Kwa hiyo tunawasihi makatekista na viongozi wa jumuiya wayafikirie mambo haya. Kwanza, chakula cha ziara kitoke kwa wote, kila kaya kwa uwezo wake, hata kama ni kibaba cha unga au fungu la mchicha, kiingie katika chungu kimoja. Kutoa ni moyo, si utajiri. Pili, jumuiya ikubaliane juu ya kitu kimoja kidogo, kilekile katika kila nyumba, na kigharimiwe na mfuko wa pamoja, ili asiye na sukari naye aweze kufungua mlango. Tatu, kabla wageni hawajapakuliwa, itengwe sehemu ya wagonjwa na wazee, ipelekwe pamoja na Komunyo kama nyakati za Mtakatifu Yustino. Nne, waliopika nao wakae wale, wasingojee makombo jikoni.

Labda mtu atauliza: Je, padre asiheshimiwe? Aheshimiwe, na firigisi ya kuku apewe kama desturi inavyotaka. Lakini aipokee chini ya mwembe, mbele ya watu wake. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, na waraka ambao Papa Yohane Paulo wa Pili alioutia sahihi Yaoundé mwaka 1995, zilitufundisha kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu. Katika familia mgeni hupewa kipande kizuri, lakini mlango haufungwi ili wana wa nyumba wasione.

Juma hili, kila jumuiya ijiulize ni nyumba gani haijapata zamu kwa muda mrefu, na kwa nini. Tuiendee nyumba hiyo, tusingoje ituite. Tubebe chakula chetu, tukae tunapoelekezwa, na tumngojee aliyechelewa. Na Bwana, aliyejitoa kuwa chakula chetu sote bila ubaguzi, atujalie neema ya kula pamoja hapa duniani, ili tustahili kuketi pamoja katika karamu ya mbinguni. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.