Mzigo wa Mpagazi na Kasoro za Programu Huria

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo. Wapagazi wengi wa kuajiriwa walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Mtumba wa nguo ulikazwa kwa fimbo ndefu ili uegemezwe mtini wakati wa mapumziko, mbebaji asihangaike kuuinua kutoka chini. Umbo la mzigo lilifuata bega la mbebaji. Nalo bega lilisikilizwa kwa sababu mpagazi aliyeonewa aliweza kugoma au kutoroka, na msafara mzima ukakwama.

Nakumbuka historia hiyo kila nitafakaripo programu huria za kompyuta. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo, watengenezaji wa GNOME, mojawapo ya sura maarufu za kompyuta za Linux, walipelekewa ombi dogo: dirisha la kuchagulia faili lioneshe picha zenyewe, si majina matupu. Ombi hilo lilitimizwa katika toleo la mwaka 2023. Mtoto aliyezaliwa lilipoandikwa, leo ni mwanafunzi wa chuo kikuu.

Jibu lililozoeleka kwa mlalamikaji ni kwamba msimbo uko wazi, arekebishe mwenyewe. Kisheria ni kweli. Lakini karani wa Sikonge hajui kuandika msimbo. Anachojua ni muda anaoupoteza kila siku. Uhuru wake umeandikwa kwenye leseni, ilhali mzigo uko begani.

Hata hivyo, kuwatukana watengenezaji si haki. Wengi hujitolea, wala hatuwalipi. Mpagazi alisikilizwa kwa kuwa msafara ulimhitaji. Sisi tunatumia bure, kila mmoja peke yake na kimyakimya. Basi taasisi zinazookoa fedha za leseni zitenge sehemu yake kuwaajiri vijana wetu wa kurekebisha kasoro, na vyuo vifundishe kuziripoti kwa ufasaha. Asiyeshiriki kufunga mzigo ataendelea kuubeba ulivyofungwa na wengine.